Natafuta kinywaji chungu cha kuamsha hamu ya kula, kisicho na kilevi. Naombeni ushauri

Jiko la Shughuli (Tanga):
Habari za jioni wakuu. Napika kwenye shughuli. Kuna familia inaozesha binti mwezi ujao, na kaka wa bwana harusi anaishi Italia. Anasema kule kabla ya chakula watu hupewa kinywaji kidogo kichungu cha kuamsha hamu, na kuna visivyo na kilevi kabisa kama Crodino. Anataka nitengeneze cha hivyo kwa vitu vya huku, wageni wanywe wakati pilau inapakuliwa. Nimejaribu choya na tangawizi, kinatoka kitamu, juisi tu. Uchungu niutoe wapi?

kaka_mwembamba:
Mwarobaini mkuu. Wageni watakula mpaka sufuria 😂

Mpwani:
Kaka, mwarobaini si wa kuwapa watu wasiojua wanakunywa nini, hasa wajawazito. Achana nao.

Dada, wewe uko Tanga, tafuta danzi, lile chungwa chungu. Ganda lake lina kazi mbili. Lile la nje, la rangi, lina mafuta yenye harufu. Uchungu uko kwenye weupe wa ndani. Vitenganishe. Menya la nje jembamba kwa kisu kikali, madanzi manne, uyafikiche maganda hayo na sukari gramu 200, ufunike hadi asubuhi. Utakuta sukari imelowa mafuta. Wenye pombe hutumia pombe kuyavuta mafuta hayo, maji peke yake hayayawezi, kwa hiyo hapa sukari ndiyo inafanya kazi.

Kisha chemsha lita moja ya maji na weupe wa danzi moja, kipande cha tangawizi, iliki na karafuu tatu tu (zikizidi kinanuka dawa ya meno). Onja kila baada ya dakika mbili, ukiridhika na uchungu toa ule weupe. Zima moto ndipo utie choya kavu gramu 30 na mchaichai, ufunike robo saa; mchaichai ukichemka sana harufu yote inaondoka na mvuke. Chuja kwa kitambaa, koroga na ile sukari. Usionje ukasema ni kikali mno, maana utakizimua: sehemu moja kwa tatu za maji ya soda, na barafu.

Mzee wa Muheza:
Huku Amani Wajerumani walipanda mikwinini, miti ya kwinini ile dawa ya malaria, na chuo chao cha utafiti ni cha tangu 1902. Magome yake ni machungu hasa. Si ungetumia hayo?

Mfamasia:
Shikamoo mzee. Hapo naomba tusimame. Gome la nyumbani hujui lina kwinini kiasi gani. Marekani sheria inaruhusu miligramu 83 tu kwa lita ya toniki (soda chungu yenye kwinini), na ikizidi mwilini masikio huvuma, macho yanafifia. Anayetaka ladha hiyo anunue toniki ya dukani badala ya maji ya soda.

Halafu hata danzi, kama balungi, inaingiliana na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, na choya nayo inashusha presha. Glasi ziwe ndogo, na mezani pawe na kibao kinachosema ndani mna nini.

Jiko la Shughuli:
Marahaba ya mzee ikifika nami naongeza shikamoo yangu 🙏 Mpwani asante sana. Naweza kutengeneza wiki moja kabla?

Mpwani:
Hapana. Hakina pombe ya kukilinda. Siku mbili kabla, chupa zilizochemshwa, moja kwa moja kwenye friji. Ukiona kinatoa povu chenyewe kimeanza kuchacha, yaani kinatengeneza kilevi, na wewe umeombwa kisicho na kilevi kabisa. Mwaga.

Bi Mkubwa wa Temeke:
Jamani danzi huko mnanunua bei gani? Mimi huku nimeuziwa chungwa bichi nikaapiwa ni danzi.