Rangi ya beji yenye unjano au yenye uwaridi kwa sebule: ipi inafaa Moshi?

Mwanamoshi: Wanajukwaa, habari za jioni. Fundi anaanza kupaka sebule yangu Jumamosi, nami bado sijaamua kati ya rangi mbili za beji (kahawia hafifu sana) zinazofanana kama mapacha kwenye kadi ya dukani: moja ina unjano kidogo, nyingine ina uwaridi wa mbali. Naomba ushauri, kwa kuwa nahitaji ndoo mbili za lita 20 na sina fedha za kurudia.

Fundi wa Majengo: Ndugu mleta mada, hujasema dirisha linatazama wapi, sakafu ni ya nini, wala taa ni za aina gani. Pasipo hayo, tutakubahatishia tu.

Bibi wa Kibosho: Chukua ya unjano, mwanangu. Mwezi wa sita na wa saba mawingu huuficha mlima kutwa nzima, na ukuta wa namna hiyo hukichangamsha chumba.

Mkazi wa Njiro: Tafadhali nisome kabla hujalipa. Mwaka juzi nilichagua yenye uwaridi kwa sababu ilipendeza sana chini ya taa za dukani. Nyumbani, sakafu yangu ni ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na jirani ameezeka mabati mekundu mkabala na dirisha. Jua la alasiri lilipoyapiga, wekundu wote uliakisiwa ukutani na sebule ikageuka rangi ya ufizi. Zaidi ya hapo, rangi iliisha kabla ya ukuta wa mwisho, nikaongeza lita 4 zilizochanganywa siku nyingine, na hadi leo mpaka wa rangi hizo mbili unaonekana wazi.

Fundi wa Majengo: Ndiyo maana mimi huchanganya ndoo zote kwenye pipa moja kabla ya kuanza. Pia epuka rangi ya silki, kwani mng'ao wake hufichua kila bonde la plasta.

Bibi wa Kibosho: Hapo sikubali. Kwa vumbi letu na mikono ya wajukuu, isiyong'aa hufutika pamoja na uchafu.

Mwanamoshi: Niwieni radhi. Dirisha linatazama kaskazini, vigae ni vyeupe, na taa ni za LED nyeupe.

Fundi wa Majengo: Basi kuanzia Novemba hadi Januari jua liko kusini, halitaingia dirishani kwako, na usiku taa hizo zitaupoza unjano. Paka kila rangi mikono miwili kwenye kipande cha jipsamu, kisha uvitazame asubuhi, mchana na usiku.

Mwanamoshi: Vipande vimekauka. Mchana naipenda ya unjano. Usiku mke wangu anashikilia ya uwaridi. Nimemwomba fundi asogeze kazi hadi Jumatatu.

Bibi wa Kibosho: Na dari je, mwanangu, itabaki nyeupe?