Je, mkaguzi wa FCC anaweza kuingia nyumbani kwangu kukagua redio ya ridhaa?

Mawimbi_Ohio: Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Columbus, Ohio, na nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana na wenzangu kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Jirani analalamika kwamba kila ninaporusha mawimbi, spika za kompyuta yake zinakoroma. Rafiki yangu ananiambia kwamba Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, inaweza kutuma wakaguzi waingie ndani bila hati ya mahakama, eti kwa kuwa nilipochukua leseni niliridhia. Mitambo yangu iko chumbani, upande wa pili wa ukuta wanalala watoto. Sitaki kuvunja sheria, wala sitaki kumfungulia kila anayejiita ofisa. Sheria inasemaje?

Antena_Ndefu: Ndugu, rafiki yako amesema nusu tu. Kifungu cha 303(n) cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kinaipa tume mamlaka ya kukagua mitambo ya kila kituo kinachohitaji leseni, na kanuni ya 97.103 ya tume hiyo inamtaka mwenye leseni ya ridhaa aonyeshe kituo na kumbukumbu zake pindi mwakilishi wa tume anapoomba. Hata hivyo, wajibu wako wa kuonyesha haumpi ofisa ruhusa ya kuvunja mlango.

Wakili_Mpenda_Redio: Naafiki, ila naomba tusimjaze mwenzetu ujasiri usio na msingi. Marekebisho ya Nne ya Katiba, yaliyoidhinishwa 1791, yanailinda nyumba dhidi ya upekuzi usio wa haki. Mwaka 1967, katika kesi ya Camara dhidi ya San Francisco, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mpangaji aliyewakatalia wakaguzi wa majengo hawezi kuadhibiwa kwa kudai hati. Wengi huishika hukumu hiyo kama ngao, lakini Camara hakuwa na leseni yenye sharti la ukaguzi, nawe unayo. Ukikataa, tume inaweza kukutoza faini au kuanza hatua za kukunyang'anya leseni, na hayo hayahitaji mtu kukanyaga kizingiti chako. Kwa maoni yangu, hatari yako iko kwenye leseni kuliko mlangoni. Akija mtu, mwombe kitambulisho, piga simu ofisi ya tume kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, kisha mpeleke moja kwa moja kwenye redio. Anachostahili kuona ni kituo na kumbukumbu zake, si makabati ya mama watoto.

Fundi_Masafa: Mimi ningeanza na hizo spika. Spika za kompyuta hazikuundwa kupokea redio. Zikinasa mawimbi yako huku mtambo wako ukiwa safi, yaani haurushi mawimbi nje ya masafa yake, kasoro mara nyingi ni ya spika zenyewe, na kipete cha feraiti (pete inayozuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya) kwenye waya wake huweza kumaliza ugomvi. Lakini hakikisha kwanza wewe ni msafi kweli: pima nguvu, isizidi wati 1,500, wala usitumie nyingi kuliko mazungumzo yanavyohitaji, na ukague kama kichujio na waya wa ardhi viko sawa. Andika tarehe, saa na masafa kila unaporusha, naye jirani aandike saa anazosikia mkoromo. Mkilinganisha daftari hizo mbili mtajua kama chanzo ni wewe, na mkaguzi akifika atazikuta tayari mezani.

Mawimbi_Ohio: Nimewaelewa, ndugu zangu. Kesho nitampelekea jirani vipete na daftari.