Naomba ushauri: nawafundishaje kusema "napenda" kwa Kiingereza?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Mikindani, Mtwara. Jioni nafundisha Kiingereza vijana wanaohudumia wageni kwenye nyumba za kulala wageni.

Wanajituma kweli, ila kila kitu kwao ni "love". Chanzo nakiona: "napenda" yetu inabeba mke, pweza na mpira kwa pamoja. "Like" wameielewa. "Enjoy" nayo inaenda, japo lazima nirudie kwamba kitenzi kinachofuata huishia na -ing: "I enjoy cooking", siyo "I enjoy to cook".

Panaponitoa jasho ni kwenye kuchagua kati ya vitu viwili. Juzi kijana kamuuliza mgeni, chai au kahawa? Mgeni akajibu, "I'd rather have tea" (yaani "I would rather", afadhali chai). Kijana akaganda na birika mkononi, maana alizoea "prefer" tu. Na hiyo "prefer" yenyewe wanaiwekea "than", wakati inataka "to": "I prefer tea to coffee". Ukija kwenye "would rather", hapo ndipo "than" inarudi. Wanachanganyikiwa, na siwalaumu hata kidogo.

Mliowahi kufundisha watu wazima, nianze na ipi? Nizitenganishe kwa wiki, au nizifundishe pamoja? Na "fond of", ya kupenda kitu au mtu kwa moyo, je? Nahofia binti amwambie mgeni "I am fond of you" kwa nia njema, naye aelewe mengine. Mwenye mazoezi ya kuzungumza anisaidie hayo kwanza, kwani wengi wao kalamu waliiacha siku nyingi.