Mjadala: Je, tafiti za kitaifa ziendelee kuwauliza wengi wanawaonaje wachache?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja inayozuka kila ripoti mpya inapotoka. Nchi nyingi zina utafiti wa kijamii unaorudiwa kila baada ya muda. Marekani wana General Social Survey tangu 1972, Ujerumani wana ALLBUS tangu 1980, Uingereza wana British Social Attitudes tangu 1983. Ndani ya madodoso hayo yamo maswali ya aina hii: ungependa mtu wa jamii fulani awe jirani yako? Akitaka kuoa kwenu, je? Apewe haki sawa na wengine? Majibu yanajumlishwa, asilimia inatoka, na magazeti yanaandika kwamba ubaguzi umepanda au umeshuka.

Wapo wanaosema maswali haya yafutwe, na hoja yao si nyepesi. Kumuuliza mtu wa jamii kubwa kama anaridhia kuishi na mwenzake wa jamii ndogo ni kuupigia kura utu wa mtu ambaye hajaomba uchaguzi wowote. Kijana wa jamii hiyo anafungua gazeti na kukuta idadi ya wananchi wasiomtaka mtaani kwao. Tena wanaojibu, wengi wanapamba.

Mimi nasema yabaki, ila tukubaliane yanapima nini. Hayapimi kilicho moyoni. Yanapima kile ambacho mtu yuko tayari kukitamka mbele ya mgeni, na hicho peke yake ni habari kubwa. Gallup, kampuni ya kura za maoni, walipowauliza Wamarekani mwaka 1958 kuhusu ndoa kati ya weupe na weusi, walioafiki walikuwa 4%. Mwaka 2021 walikuwa 94%. Sidhani wote hao wangechekelea binti yao akileta mchumba nyumbani. Lakini nchi ambayo mtu anaona haya kusema hapana si ile ile ambamo babu yake alilisema neno hilo bila kupepesa macho.

Nipingeni kwa hoja, si kwa matusi.

Mtakwimu

Mkuu, umeyapa maneno uzito kuliko vitendo. Kila anayesomea kazi hii hukutana na kisa cha Richard LaPiere, mwanasosholojia wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alizunguka Marekani kwa gari pamoja na mume na mke Wachina, kipindi ambacho chuki dhidi ya Wachina ilikuwa ya wazi. Walipita kwenye hoteli, kambi za wageni na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia wenye biashara hizo: je, mnapokea wateja Wachina? Kati ya waliojibu, zaidi ya 90% walisema hawapokei. Akachapisha matokeo mwaka 1934.

Hapo mdomo ulikuwa mbaya kuliko mkono. Siku hizi mara nyingi ni kinyume chake. Mwaka 2004 wachumi Bertrand na Mullainathan walichapisha jaribio lao la kutuma wasifu karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zililingana, majina ndiyo yalitofautiana. Wenye majina yanayosikika ya weupe waliitwa kwa kiwango cha juu kwa takribani 50% kuliko wenye majina yanayosikika ya weusi. Ukiwapelekea waajiri hao dodoso, nani atakwambia anabagua? Ukitaka kujua kama watu wananyimwa kazi, pima kunyimwa kazi.

Mdadisi

Nyie mnajadili asilimia, mimi nimesimama mlangoni. Hii kazi ya kudodosa nimeifanya miaka mingi. Maswali ya maji, shule na kipato mtu anajibu huku akiendelea na shughuli zake. Nikifika kwenye swali la majirani anaacha anachofanya, ananiangalia usoni, kisha anauliza: "Kwani wewe mwenyewe ni mtu wa wapi?" Mwongozo unanitaka nijibu kwa upole kwamba hilo halihusiani na utafiti. Lakini lafudhi ameshaisikia, na jina langu liko kwenye kitambulisho nilichovaa kifuani. Kuna nyumba nyingine mke anapaza sauti kutoka ndani, "Mwambie sisi hatuna ubaguzi!" Mume anacheka. Mimi nabonyeza "hapana shida" kwenye kishikwambi, twende swali linalofuata.

Na hili halinitokei mimi peke yangu. Watafiti walichambua data za Afrobarometer, mradi wa tafiti za maoni ya wananchi, kutoka nchi 14 za Afrika, wakachapisha mwaka 2016 kwamba majibu hubadilika kutegemea kama mdadisi na mhojiwa ni wa kabila moja. Na hasa kwenye maswali yanayogusa ukabila.

Mtakwimu

Dada mdadisi, kwa tatizo lako ipo mbinu ya orodha. Wahojiwa wanagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu wanasomewa mambo matatu yanayoweza kumkera mtu, na nusu ya pili wanasomewa hayo hayo na la nne juu yake. Kuklinski na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 1997, walitumia kodi ya petroli kupanda, wanamichezo kulipwa mamilioni na makampuni makubwa kuchafua mazingira. La nne lilikuwa familia ya weusi kuhamia jirani. Mhojiwa hasemi ni yapi yanayomkera, anataja idadi tu. Chukulia kundi la kwanza wastani wao ni 2.0 na la pili 2.2: basi takribani watu 20 katika kila 100 wamekerwa na la nne, na hakuna anayeweza kunyooshewa kidole. Ubaya wake ni kwamba inataka sampuli kubwa, na mtu mmoja mmoja haisemi lolote kumhusu.

Mpinzani

Mbinu juu ya mbinu, ili tujue tunachokijua. Nawakumbusha General Social Survey ya 1989. Waliwaomba watu waipange jamii mbalimbali kwa hadhi, wakachomeka humo "Wisians", jamii ambayo haipo duniani. Takribani watu 4 kati ya 10 waliipa daraja, tena la chini! Watu wanaidharau jamii ambayo haijawahi kuwa na hata mtu mmoja, halafu mnataka nchi ipange sera kwa majibu hayo?

Na makosa yakitoka yanatoka mbio. Mwaka 2013 ilisambaa ramani ya "nchi zenye ubaguzi zaidi" iliyotokana na swali la majirani la World Values Survey, utafiti wa maadili na mitazamo unaofanyika nchi nyingi duniani. Hong Kong iling'aa kama miongoni mwa wabaguzi wakubwa. Ikaja kujulikana kwamba majibu ya Hong Kong yalikuwa yamegeuzwa kwenye data, waliosema ndiyo wamehesabiwa hapana. Ramani watu waliiona. Masahihisho waliyaona wangapi?

Mleta mada

Mpinzani, Wisians umenipa mwenyewe. Kama mtu anaishusha hadhi jamii ambayo haipo, basi tatizo liko kwa anayejibu, halina uhusiano na tabia za jamii inayozungumziwa. Hiyo ndiyo hoja ya kumwonyesha kila anayesema "wanachukiwa kwa sababu wamejitakia". Na usisahau wale takribani 6 kati ya 10 waliosema hawaijui. La Hong Kong sina ubishi: lilikuwa kosa la data, na lawama ni ya walioziandaa.

Mmoja wa "wachache"

Nimesoma yote. Mnabishana kama tunachukiwa kwa kusema au kwa kutenda, na sisi wenyewe hatumo. Sampuli ya watu 2,000, jamii yetu tuseme ni 2% ya nchi: tunatoka 40. Wengine wote wanahojiwa kuhusu sisi. ALLBUS ya 1996 iliwauliza watu kuhusu Waitalia, Waturuki, Wayahudi, waomba hifadhi na Wajerumani waliohamia kutoka Ulaya Mashariki, kila kundi na alama zake. Mwitalia alipokelewa vizuri kuliko Mturuki. Sawa, tumejua. Mturuki afanye nini na hiyo habari?

Mimi sina haja ya kupendwa. Nataka kujua nani aliambiwa chumba kimeshapangishwa wakati tangazo bado liko ukutani, na nani husimamishwa na polisi kila wiki. Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya walifanya hivyo mwaka 2008: walihoji wahamiaji na watu wa jamii za wachache wapatao 23,500 katika nchi 27, wakawauliza yaliyowakuta. Kumbe inawezekana.

Mleta mada

Hapo ndugu yangu sikupingi, ila acha nikuonye jambo. Ukifuta swali la wengi ukabaki na la wachache, watakwambia mnalalamika tu. Ukifanya kinyume unakuwa kama Ufaransa. Sheria yao ya 1978 inabana ukusanyaji wa taarifa za asili ya mtu, na mwaka 2007 Baraza la Katiba likafuta kifungu kilichotaka kulegeza. Lakini tume yao ya haki za binadamu hupima maoni kuhusu ubaguzi mwaka hadi mwaka tangu 1990. Wanajua vizuri watu wanasema nini, ila kuyaweka maneno hayo kando ya takwimu za ajira kwa asili ya mtu ni shughuli pevu.

Mmoja wa "wachache"

Basi nina sharti. Ripoti itakayochapa asilimia ya wasiotutaka jirani, ichape ukurasa huo huo jedwali la yaliyotukuta sisi. Si kwenye kiambatisho.

Mtakwimu

Sharti lako linatekelezeka, bali kwa sampuli ya nyongeza ya jamii yenu, na hiyo ina gharama. Kwa watu 40 makosa ya sampuli yanafika pointi 15 juu au chini. Ukiniletea jedwali la namna hiyo nitakataa kulichapa, hata ukiniita mbaguzi.

Mmoja wa "wachache"

Sikuiti. Naliuliza fungu la utafiti: hela ya kuwauliza wengi kila baada ya miaka miwili ipo, yetu inakwama wapi?

Mdadisi

Kata maswali ya majirani nusu, mkuu. Dodoso ni refu mno, na kufikia ukurasa huo watu wameshachoka.