Gololi ya chuma na gololi ya kioo

Salma, 19:42
Hamjambo nyote. Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama. Watengenezaji wa mchezo wetu wa gololi, ambao ni watu wachache wanaofanya kazi bila kampuni kubwa ya kuwagharimia, wameomba maoni ya wachezaji kabla ya kutoa toleo lijalo, nami nimeona ni vyema tuwaandikie kwa pamoja kuliko kila mtu kutuma neno lake. Naomba kila mmoja aseme kinachompendeza na kinachomkera, nami nitayakusanya usiku huu huu.

Mjomba Rashidi, 19:47
Marahaba, mpwa wangu. Anza na sifa, kwa sababu wanazistahili. Tangu nilipoucheza Marble Madness, ule mchezo wa Atari wa mwaka 1984 ambao gololi yake iliendeshwa kwa kuviringisha mpira uliopachikwa kwenye mashine, sijakutana na gololi yenye uzito wa kuaminika kama hii. Ukiisukuma inakawia kidogo kabla ya kuitika, ukiiachia inaendelea na safari yake, na ukitaka isimame mahali fulani inakubidi uwe umekwisha kuamua kabla hujafika hapo. Nikianguka najua kosa ni langu, na hilo ndilo linalonirudisha kila jioni.

Yusufu, 19:53
Shikamoo Mjomba. Naunga mkono, na mfano wangu ni njia ya tisa. Mnaijua: ubao mwembamba usio na kingo unapinda kushoto, unapinda kulia, halafu unainuka kidogo kama ulimi mbele ya pengo. Kwa siku tatu nilikuwa naangukia upande wa kulia, kwa kuwa nilipunguza mwendo nikiwa tayari ndani ya kona, wakati gololi imeshakwenda na hamsini zake. Sasa navuta kijiti cha kuongozea gololi nyuma, nusu tu, ubao unapoanza kubadilika rangi. Naiacha gololi ijipeleke hadi katikati ya kona. Na ikiwa hewani juu ya pengo naizungusha kinyume cha mwendo wake, ili ikitua iushike ubao badala ya kupitiliza. Hakuna maelezo ndani ya mchezo yaliyonifundisha jambo hilo. Nililigundua kwa kuutazama ule mstari mweupe uliochorwa kwenye gololi ukizunguka, kwa hiyo naomba wasije wakauondoa kwa ajili ya mapambo.

Mama Salma, 19:58
Marahaba, wanangu. Sifa yangu ni ndogo lakini iandikwe: mtu akianguka anarudishwa kwenye kituo cha mwisho alichokipita papo hapo, bila kusubirishwa na bila kuonyeshwa maandishi ya kushindwa. Kinachonikera ni kamera. Kwenye kona inageuka yenyewe, na kwa kuwa kijiti kinafuata kamera, upande uliokuwa mbele unakuwa pembeni ilhali kidole changu hakijasogea. Mara mbili nimeiweka simu chini kwa sababu ya kizunguzungu. Wampe mchezaji uwezo wa kuuzima mgeuko huo, au angalau wa kuchagua kasi yake.

Neema, 20:04
Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba. Kamera inanisumbua mimi pia, lakini langu kubwa ni mashindano ya moja kwa moja mtandaoni. Jana nilishindana mara kumi na mbili na watu nisiowajua, na karibu wote walikuwa wamechagua gololi ya chuma. Mimi nina ya kioo, nimeizoea na ninaipenda, lakini kila tulipofika kwenye ubao mwembamba nilitupwa nje. Gololi nzito inapewa kasi zaidi, na hiyo si haki.

Mjomba Rashidi, 20:11
Mwanangu, lalamiko lako ni la haki, ila sababu uliyoitaja siyo. Gololi inayoviringika mteremkoni bila kuteleza hupata mchapuko, yaani kule kuongezeka kwa mwendo, ulio sehemu tano kwa saba za ule ambao ingeupata kama ingeserereka pasipo msuguano wowote, kwa sababu kiasi fulani cha nishati yake huishia katika kule kuzunguka. Katika hesabu hiyo uzito unajifuta, na ukubwa nao unajifuta. Iwe ya chuma au ya kioo, kubwa au ndogo, mradi imejaa ndani na tukiuacha kando upinzani wa hewa, zote zinafika chini pamoja. Itakayochelewa ni ile iliyo ganda tupu, kwani mchapuko wake ni sehemu tatu kwa tano tu.

Salma, 20:19
Nimetoka kujaribu sasa hivi. Kwenye mteremko wa mazoezi, bila kugusa kijiti, gololi ya chuma imetumia sekunde 8.41 na ya kioo imetumia sekunde 8.41. Nimerudia mara tatu na haijabadilika.

Mjomba Rashidi, 20:20
Hao watu wanaijua kazi yao. Hesabu hiyo ya Salma naomba iende kama ilivyo, wajue kwamba tumeliona hilo.

Neema, 20:21
Basi kwa nini natupwa nje mimi peke yangu?

Mjomba Rashidi, 20:29
Kwa sababu ya mgongano, ambako uzito haujifuti kamwe. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina takriban gramu 7.8, na ya kioo cha kawaida ina takriban gramu 2.5, kwa hiyo gololi mbili zenye ukubwa sawa zinapishana uzito kama mara tatu. Tuchukue mgongano wa uso kwa uso usiopoteza nishati. Chuma kikiigonga gololi ya kioo iliyosimama, kinabaki na nusu ya mwendo wake na kuendelea mbele, na kioo kinaruka kwa mwendo mmoja na nusu wa ule wa aliyekigonga. Sasa geuza: kioo kikikigonga chuma kilichosimama, kinarudi kinyumenyume kwa nusu ya mwendo wake. Kwenye uwanja mpana hayo yangekuwa mchezo tu, lakini kwenye ubao usio na kingo, mwendo mmoja na nusu usioutaka ni safari ya kwenda chini.

Neema, 20:34
Nashukuru, Baba, sasa nimeelewa. Ina maana mtu hachagui chuma ili awahi kufika, anakichagua ili awaondoe wenzake njiani, na asiyekichagua hana anachopata badala yake. Kwa maoni yangu mgongano uondolewe kabisa. Michezo ya namna hii imeishi vizuri bila huo; Marble Blast Gold wa mwaka 2003 ulikuwa wa mtu mmoja na saa yake, na bado wapo watu wanaoendelea kupunguza sekunde humo. Mimi furaha yangu kubwa ni kushindana na kivuli changu, yaani picha ya gololi yangu ikizirudia mbio zangu zilizopita. Juzi kwenye njia ya tisa nilikipita kwenye kona ya kwanza, nikakiona kikija ubavuni pangu, kimefifia kama moshi, kikanipita juu ya pengo kwa sababu nilitua nikiwa nimenyooka mno. Kilinionyesha kosa langu waziwazi kuliko maelezo yoyote.

Yusufu, 20:41
Neema, naheshimu maoni yako, lakini kwa hilo sikubali. Mwenzako anapokuwa karibu, njia ile ile inakuwa njia nyingine: inakubidi uchague kuingia kona kwa ndani na kuhatarisha kuguswa, au kuzunguka kwa nje na kupoteza muda. Kivuli hakikulazimishi kuchagua. Na kama ni mifano ya zamani, Marble Madness aliyoutaja Mjomba uliwaruhusu watu wawili kucheza kwa wakati mmoja, na gololi zao zilisukumana.

Mjomba Rashidi, 20:43
Ni kweli zilisukumana, na kaka yangu alinisukuma sana. Lakini kumbuka, Yusufu, gololi zile mbili zilitofautiana rangi tu.

Yusufu, 20:46
Hapo umenishika, Mjomba. Basi ombi langu ni hili: mgongano ubaki, ila katika mashindano ya moja kwa moja wote wapewe gololi ya aina moja. Zikilingana uzito, aliyegonga uso kwa uso anasimama na aliyegongwa anachukua mwendo wote, kwa hiyo kumgonga mtu kutoka nyuma kutakuwa ni kumzawadia. Watu wataacha wenyewe.

Neema, 20:49
Hilo nalikubali kwa moyo wote, mradi orodha ya rekodi ihesabu mbio za vivuli peke yake, ambako hakuna wa kumsukuma mwingine, na huko kila mtu abaki na gololi anayoipenda.

Mama Salma, 20:52
Kabla Salma hajaandika, kuna jambo moja kuhusu simu. Yangu ni ya zamani na inaonyesha picha 30 kwa sekunde, na kompyuta ya Yusufu inaonyesha 60. Je, tunahesabiwa sawa katika orodha hiyo?

Salma, 20:58
Nimechukua simu yako, Mama, nikaurudia mteremko wa mazoezi, na nimepata sekunde 8.41 zile zile. Mwendo wa gololi wanaukokotoa mbali na picha. Kinachochelewa ni jicho lako, kwa kuwa picha mpya inakufikia kila baada ya milisekunde 33 ilhali Yusufu anaipata baada ya 17. Nitawaomba waweke njia ya kupunguza vivuli vya majengo na mng'aro wa maji, ili simu kama yako ifikie picha 60. Rasimu ni hii:

"Tunawashukuru kwa gololi yenye uzito wa kweli, kwa mstari mweupe na kwa kutuondolea kusubiri tunapoanguka. Tumepima mteremko wa mazoezi kwa chuma na kwa kioo tukapata sekunde 8.41 kwa zote mbili, na jambo hilo limetufurahisha sana. Tunaomba mchezaji aweze kuzuia kamera isigeuke yenyewe, na simu dhaifu ziweze kupunguziwa mapambo. Zaidi ya yote, tunaomba gololi za aina moja katika mashindano ya moja kwa moja, na rekodi zihesabiwe kwa mbio za vivuli tu, kwa kuwa hivi sasa chuma kinachaguliwa kwa ajili ya kugonga, na wanaokipenda kioo wameanza kuondoka."

Mjomba Rashidi, 21:03
Badala ya "wameanza kuondoka" andika "wanatupwa nje ya njia ya tisa", kwa sababu hilo tumeliona kwa macho yetu na lile jingine tunalikisia.

Salma, 21:06
Nimerekebisha na nimetuma. Yusufu, nimefungua chumba kwenye njia ya tisa na nimechagua kioo. Nawe chagua kioo, halafu umwite Neema.

Neema, 21:07
Nimeshaingia.