Mchekeshaji wa Albert Brooks alikosea wapi jijini New Delhi?

Mpenda Sinema:
Salamu kwenu, wanajukwaa. Juzi nilitazama filamu ya Albert Brooks ya mwaka 2005, Looking for Comedy in the Muslim World, ambamo anaigiza mchekeshaji mwenye jina lake mwenyewe, anayetumwa na serikali ya Marekani kwenda India na Pakistan kuchunguza kinachowachekesha Waislamu, kisha aandike ripoti ya kurasa 500. Kilichonisumbua ni lile onyesho la New Delhi: watu wameketi kwa adabu, naye anamaliza mbinu zake zote bila kuwachekesha. Je, mtunzi anatuambia kwamba ucheshi hauvuki mipaka ya tamaduni? Ikiwa ndivyo, siridhiki, maana nimekulia katika nyumba ambamo filamu za Kihindi zilituvunja mbavu kabla hatujaelewa hata neno moja.

Mkalimani:
Ndugu, sidhani kwamba ndivyo. Tazama tena anachokipeleka jukwaani. Anamsemea mwanasesere kwa namna mbovu makusudi. Halafu anawaomba watazamaji wampe mawazo ya mchezo wa papo kwa papo, na kila anachopewa anakigeuza apendavyo. Vyote viwili ni mzaha juu ya sanaa za jukwaani za Marekani, na anayecheka ni yule anayejua tayari kwamba fundi wa mwanasesere hatakiwi kutikisa midomo, na kwamba mwigizaji hana ruhusa ya kubadili alichopewa. Asiyezijua kanuni hizo haoni chochote kilichovunjwa. Anamwona mtu mzima asiyeimudu kazi yake, na heshima inamzuia kumcheka. Katika ukalimani hili hunikuta mara kwa mara: mzungumzaji hunigeukia akishangaa kwamba ukumbi umenyamaza, ilhali nimeyafikisha maneno yake yote.

Mwana wa Pwani:
Nakubaliana na Mkalimani, ila kwangu kosa kubwa zaidi limo katika tukio la Taj Mahal. Brooks anapita jirani kabisa na jengo lile, akizungumza na msaidizi wake Maya, anayeigizwa na Sheetal Sheth, na wala hainui macho kulitazama. Aliyetumwa kuwafahamu watu hana nafasi ya kutazama, sembuse kusikiliza. Kejeli yote inamlenga yeye na waliomtuma, ambao wanatafuta kicheko cha Waislamu katika nchi ambayo wakazi wake wengi ni Wahindu. Mimi ni Mwislamu, na sikuona dini yangu ikidhihakiwa popote. Filamu yenyewe ilionyeshwa katika tamasha la Dubai mwezi Desemba 2005.

Mpenda Sinema:
Nawashukuru sana. Maelezo ya Mkalimani yamenifumbua macho kuhusu tukio jingine ambalo sikulielewa, pale Brooks anapovuka mpaka usiku kuingia Pakistan kukutana na vijana wanaotaka kuwa wachekeshaji, nao wanaangua vicheko wakiwa wameuzunguka moto. Nilidhani ni mkanganyiko wa mtunzi, kwa kuwa vijana hao wanahitaji mtu wa kuwatafsiria. Lakini wao ni watu wa fani hiyohiyo: wanamtazama kama fundi anavyoitazama kazi ya fundi mwenzake, na huenda ndiyo sababu mzaha juu ya ufundi unawafikia. Leo usiku nitalirudia tukio hilo nikiwatazama wao zaidi kuliko Brooks.