Podikasti za kifo cha Ouko: nimsadiki mtangazaji yupi?

Msikilizaji wa Kisumu
Ndugu zangu, nimesikiliza podikasti tatu kuhusu kifo cha Dakta Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, na kila moja imenitajia muuaji tofauti. Zote zinakubaliana kwamba alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990, na kwamba mwili wake ulioteketezwa ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila. Baada ya hapo kila mtangazaji hushika njia yake. Nitamtambuaje aliyefanya kazi kwa uangalifu?

Karani Mstaafu
Ndugu, mimi hutega sikio kwenye vitenzi. Mtangazaji makini husema "shahidi aliieleza tume". Asiye makini husema "inasemekana", kisha akaendelea kana kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa. Chukua habari ya kijana mchunga mifugo, ambaye aliieleza tume ya Jaji Gicheru, iliyochunguza kifo hicho, kwamba aliuona mwili siku ile ile ya tarehe 13, ilhali Serikali ilitangaza kupatikana kwake tarehe 16. Siku hizo tatu zina uzito kuliko muziki wote wa kutisha wanaotuwekea (na ile milango inayokwaruza, jamani). Tena kipindi kisichoeleza kwamba tume hiyo ilivunjwa Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi yake, mimi hukizima, kwa kuwa asiyelijua hilo atadhani ushahidi uliishia pale ambapo kwa kweli ulikatizwa.

Bi Mwanaidi
Nakubaliana na Karani, ila liko jambo linaloniudhi zaidi. Aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Nakuru alishtakiwa kwa mauaji hayo na mahakama ikamwachilia huru mwaka 1994, lakini wapo wanaolitaja jina lake kwa kunong'ona huku hukumu hiyo wakiiruka. Vivyo hivyo, ripoti ya John Troon, mpelelezi wa Scotland Yard (polisi wa London), wengine huisoma kama msahafu, ingawa maoni ya mpelelezi, hata yawe na hoja nzito, hayajawa hukumu.

Msikilizaji wa Kisumu
Ahsanteni. Nimeirudia ile ya pili: jina la Mkuu wa Wilaya limetajwa tangu mwanzo, kuachiliwa kwake hakukutajwa hata mara moja. Sasa naianza upya ile ya tatu, kalamu mkononi.